Taa ya Pointi Inaposema Uongo: Kutafuta Hitilafu Kuanzia Relini

Ukiitwa usiku kwa sababu taa ya pointi haiwaki, au inawaka rangi isiyoeleweka, mkono hukimbilia mfuko wa vifaa kutafuta multimita. Uzuie. Kabla hujapima volti hata moja, jibu swali hili: taa hii imefungwa kwenye nini?

Pointi ni pale reli inapogawanyika, penye ndimi mbili za chuma zinazosogea ili treni ifuate njia kuu au iingie njia ya kando. Ulimi mmoja huibana reli tuli, na mwenzake hukaa mbali ili ukingo wa gurudumu upate pa kupita. Taa imewekwa ili dereva na wenzake wajue ndimi zimelala upande gani bila kushuka. Lakini taa yenyewe haizioni ndimi. Inajua tu habari za kile kilichounganishwa nayo.

Kuna taa zilizopachikwa juu ya nguzo ya mkono wa pointi. Mkono ukigeuzwa, mhimili unazunguka na taa inazunguka nao. Taa ya namna hii inakuambia mkono uko wapi, basi. Rodi inayotoka kwenye mkono kwenda kwenye ndimi ikikatika, au pini yake ikichomoka, mkono utageuka vizuri, taa itageuka vizuri, na ndimi zitabaki palepale. Kuna taa zinazowashwa na kontakti zilizomo ndani ya kisanduku cha ugunduzi, yaani kinachohisi ndimi zimefika wapi, ambacho rodi zake zimefungwa kwenye ndimi zenyewe. Hizi husema kweli maadamu rodi hizo ni nzima na zimerekebishwa sawasawa. Halafu kuna zile zinazowashwa na amri: mtu anabonyeza kitufe, taa inabadilika, hata kama mota bado haijaanza kuzunguka. Hizi za mwisho siziamini hata kidogo, na popote penye uwezo wa kuziondoa ningeziondoa.

Ukishajua taa yako ni ya aina gani, nusu ya hitilafu zinajieleza.

Hasara ya kutojua ndimi ziko wapi tumeiona. Tarehe 6 Januari 2005, huko Graniteville, South Carolina, Marekani, treni ya mizigo iliyokuwa ikienda takriban kilomita 76 kwa saa iliingia njia ya kiwanda kwa sababu pointi ya mkono ilikuwa imeachwa imefunguliwa upande huo. Iligonga treni iliyoegeshwa, behewa la klorini likatoboka, watu 9 wakafa na wengine wapatao 5,400 wakahamishwa makwao. Ilikuwa usiku wa manane, katika njia isiyo na ishara za taa. Baada ya uchunguzi, NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilipendekeza njia kuu za namna hiyo ziwekewe kifaa kinachojiwasha chenyewe, kisichotegemea bango la pointi (kibao kinachogeuka pamoja na mkono), cha kuvuta macho ya wafanyakazi usiku na mchana na kuwaonyesha wazi pointi imekaaje. Tarehe 4 Februari 2018, huko Cayce, katika jimbo hilohilo, treni ya abiria iliingia njia ya kando kwa sababu ya pointi iliyoachwa vibaya wakati ishara zimezimwa kwa ajili ya kazi. Wafanyakazi 2 wa treni walikufa, abiria wengi wakaumia. Hakuna balbu iliyoungua katika ajali hizi mbili. Kilichokosekana ni habari ya kweli kumfikia dereva kwa wakati. Ndiyo maana utafutaji wa hitilafu huanza relini na kumalizikia kwenye taa.

Piga magoti kwanza

Omba ruhusa kwa mwongoza treni, weka ulinzi wa njia, na kama pointi ina mota, kata umeme wa mota kwa mkono wako mwenyewe. Usitegemee ahadi ya redioni kwamba hakuna atakayeigusa. Ndimi hufunga kwa nguvu ya kuponda mguu, na hazitoi onyo.

Kisha tazama. Ulimi uliofungwa ubane reli tuli kwenye ncha yake na urefu wote unaotakiwa kugusana. Ulimi wa pili uwe wazi kwa nafasi yake kamili. Angalia kama kuna kokoto, kipande cha mbao, barafu au kipande cha chuma cha breki kilichonaswa katikati. Angalia mabamba ambayo ndimi huteleza juu yake: yakiwa makavu na yenye kutu, ulimi hukwama sentimita moja kabla ya kufika. Shika kila rodi na uitikise. Kaza macho kwenye pini na nati, hasa zile ambazo kokoto zimezifukia.

Mwisho, pima. Nchini Uingereza fundi huweka kipimo cha milimita 3.5 kati ya ulimi na reli tuli karibu na ncha, kisha hujaribu kufunga komeo linaloshikilia ndimi: lazima likatae. Akiweka cha milimita 1.5, lazima likubali. Kanuni za Marekani hutaja robo inchi, yaani kama milimita 6, kuwa ni uwazi ambao saketi ya ugunduzi lazima iwe imeshakatika. Tumia kipimo cha kanuni za reli unayoifanyia kazi, wala usikadirie kwa jicho. Uwazi wa milimita 5 usiku, kwa mwanga wa tochi, unafanana kabisa na kufungwa.

Taa inasema njia kuu, ndimi hazisemi hivyo

Nitakaa hapa muda mrefu kuliko penginepo, kwa sababu dalili hii ndiyo inayoua. Taa iliyozima humsimamisha dereva, lakini taa inayodanganya humkaribisha.

Usirekebishe chochote kwanza. Simamisha treni, mjulishe mwongoza treni, piga picha za ndimi, mkono, taa na kisanduku cha ugunduzi vikiwa jinsi ulivyovikuta. Ukigeuza pointi mara moja tu "kuona kama itakubali", umefuta ushahidi, na kosa hilo litarudi siku ambayo haupo.

Chanzo cha kwanza kukichunguza ni treni iliyopita kinyume, yaani iliyotokea nyuma ya pointi kwenye njia ambayo haikufunguliwa kwa ajili yake. Magurudumu huzisukuma ndimi kwa nguvu, rodi inapinda, lakini mkono unabaki kwenye ndoano yake na taa iliyo juu ya mkono inabaki vilevile. Dalili zake ni rodi iliyopinda, bolti iliyokatika ikiwa na mng'ao wa chuma kipya, mikwaruzo mipya upande wa ulimi. Ikiwa treni bado imesimama juu ya pointi, isirudi nyuma kabisa. Magurudumu yaliyokwisha kupita yakirudi yanaweza kukuta ndimi zimekaa katikati, seti moja ya magurudumu ikafuata njia moja na nyingine njia ya pili. Isogezwe mbele tu, na kwa maelekezo ya mwenye mamlaka ya njia, baada ya ukaguzi.

Kama hakuna dalili ya kusukumwa, fuata mnyororo mzima kutoka kwenye ncha ya ulimi hadi kwenye kontakti. Mwenzako asogeze ulimi taratibu kwa mtaimbo, wewe ukiangalia rodi ya ugunduzi. Ulimi ukisogea milimita 3 na rodi isisogee, pini imelika au tundu lake limepanuka. Uchakavu wa milimita moja kwenye kila kiungo, viungo vikiwa vitatu, tayari umekula nafasi yote ya usalama. Kisanduku hakijui. Kinaendelea kusema "imefungwa".

Rodi za kuunganisha ndimi mbili ni hadithi nyingine. Tarehe 23 Februari 2007, huko Grayrigg, Uingereza, treni ya mwendo kasi iliacha reli kwenye pointi ambayo rodi zake za kuunganisha ndimi na vifungo vyake vilikuwa vimeharibika, ulimi mmoja ukawa huru kusogea. Mtu mmoja alikufa. Kwa hiyo, ukikuta nati imelegea hapo, usiikaze na kuondoka. Jiulize imelegezwa na nini: mataruma yanayocheza, kokoto zilizoshuka, au bolti ambayo imeshaanza kupasuka ndani.

Ikiwa vyuma vyote ni vizima, hitilafu iko kwenye umeme, na ni moja kati ya tatu.

Ya kwanza ni waya wa majaribio uliosahauliwa. Mtu aliunganisha waya kuizunguka kontakti ili kupima jambo, simu ikalia, akafunga mlango wa kabati. Fungua makabati yote na utafute waya usiokuwamo kwenye mchoro. Kila waya wa majaribio uwe na rangi ya kupiga kelele na uandikwe kwenye daftari wakati unapowekwa, si baadaye.

Ya pili ni nyaya zilizobadilishana nafasi baada ya kazi ya kebo. Hapa taa hukosea kwa utaratibu: kila mara pointi ikiwa njia kuu inaonyesha kando, na kinyume chake. Ni rahisi kuigundua, ila fundi akijaribu upande mmoja tu na kuondoka, haigunduliki.

Ya tatu ni umeme unaopitia ardhini. Saketi za namna hii huachwa makusudi bila kuunganishwa na erthi. Waya mmoja ukichubuka na kugusa ardhi, hakuna kinachobadilika na hakuna anayejua. Wa pili ukichubuka upande wa pili wa kontakti, umeme unapata njia ya kuizunguka kontakti, na taa inawaka ingawa kontakti iko wazi. Pima volti kati ya ncha chanya ya betri na erthi, kisha kati ya ncha hasi na erthi. Multimita ya kisasa huonyesha volti za bure kwa sababu haivuti mkondo, kwa hiyo weka balbu ndogo au rezista sambamba nayo. Volti zikibaki, una mguso wa kweli. Chomoa kebo moja baada ya nyingine hadi zitoweke. Kipimo cha ukinzani wa ganda la kebo kwa volti 500 ni kizuri, mradi umetenganisha kwanza vifaa vyote vya kielektroniki. LED na kadi za udhibiti hazivumilii volti hizo.

Taa imezima

Kwa wafanyakazi wa treni jambo ni moja: taa iliyozima ihesabiwe kuwa inasema "simama". Simama, shuka, angalia ndimi kwa macho, toa taarifa. Asiwepo wa kusema "taa hii huzima kila siku".

Fundi naye akumbuke kwamba taa iliyozima huenda inasema kweli. Kwenye mifumo mingi, ugunduzi ukikosekana pande zote mbili, hakuna taa inayowaka. Kama ulipiga magoti na kukuta ulimi haujafika, umeshapata chanzo, na balbu haina kosa.

Ndimi zikiwa sawa, anza katikati ya saketi. Pima volti kwenye vituo vya kisanduku cha ugunduzi. Zipo? Shida iko kati ya hapo na taa. Hazipo? Shida iko kati ya hapo na betri. Pima mzigo ukiwa umeunganishwa. Nimeona mafundi wengi wakipima kebo iliyochomolewa, wakasoma volti 12 kamili, wakabadilisha taa nzima bure. Kebo ilikuwa imeoza ndani na haikuweza kupitisha mkondo.

Betri ya risasi na asidi ya volti 12, ikiwa imepumzika na imejaa, husoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.0 iko chini ya nusu, na ikishuka chini ya 11.8 imekwisha. Inayochajiwa na sola isome zaidi ya 13 mchana wa jua. Kama sivyo, panda uangalie paneli: vumbi, kinyesi cha ndege na tawi lililokua tangu ukaguzi uliopita ndivyo vyanzo vya kawaida, na kivuli kwenye pembe moja tu ya paneli hupunguza umeme kuliko mtu anavyodhania.

Urefu wa kebo nao hula volti. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa takriban omu 7.4 kwa kilomita. Taa ikiwa mita 300 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 600 kwenda na kurudi, kwa hiyo kuna omu 4.4 njiani. Balbu ya wati 18 iliyotengenezwa kwa volti 12 itabakiwa na takriban volti 7, na mwanga wake utakuwa wa mshumaa. Taa ya LED ya wati 3 kwenye kebo hiyohiyo itapoteza volti moja hivi na kuwaka vizuri. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba taa "imefifia tangu iwekwe", piga hesabu kabla ya kuagiza betri mpya.

Vingine ni vya haraka: fyuzi, soketi ya balbu iliyopata kutu, kontakti zenye utando mweusi. Kontakti za fedha zisisuguliwe kwa msasa. Utaondoa fedha na kuacha mikwaruzo inayokusanya uchafu. Na wadudu wanapenda visanduku hivi kwa sababu vina joto, kwa hiyo ziba matundu ya kebo.

Taa mbili kwa pamoja, au moja inayowaka kidogo

Malalamiko haya yalizidi pale LED zilipochukua nafasi ya balbu. Balbu ya waya ilihitaji mkondo mkubwa ili iwake. Mkondo mdogo uliovuja haukuonekana. LED huonyesha mwanga hafifu hata kwa miliampea chache. Mkondo huo unaweza kutoka kwenye kadi ya kielektroniki ambayo haikati kabisa, kwenye kebo ndefu iliyolala sambamba na nyaya za umeme mkubwa, au kwenye unyevu wa kiungo cha kebo. Rezista iliyowekwa sambamba na taa huumeza mkondo huo. Lakini usiiweke kabla hujahakikisha kwamba kinachovuja si mguso wa ardhi niliouzungumzia juu. Utakuwa umeifunika dalili na kuacha ugonjwa.

Upande wa pili wa mabadiliko hayo ni rilei, swichi inayovutwa na mkondo, inayothibitisha kwamba taa inawaka. Ilipimwa kwa mkondo wa balbu, ampea moja au zaidi. Ukiweka LED inayovuta robo ampea, rilei haishiki, na mfumo unatangaza kwamba taa imekufa wakati inang'aa mbele yako. Tafuta kitengo cha LED kilichoidhinishwa kwa saketi hiyo, au rezista ya mzigo iliyotajwa na mtengenezaji. Kuilegeza rilei ili ishike kwa mkondo wowote ni kosa, kwani siku taa itakapokufa kweli hakuna atakayejua.

Inacheza treni inapopita

Taa ikitulia pointi ikiwa tupu na kuanza kumetameta chini ya magurudumu, usiguse umeme. Lala pembeni kwa umbali salama na utazame mataruma treni inapopita polepole. Yakipanda na kushuka, kokoto chini yake zimekwisha au zimechanganyika na tope. Ulimi unainuka, rodi ya ugunduzi inavutwa, kontakti inafunguka na kujifunga. Kuilegeza kontakti ili ivumilie mtikisiko ni kishawishi kikubwa, na ni kosa baya: unapanua uwazi ambao taa itauita "imefungwa". Peleka taarifa kwa mafundi wa njia, wajaze na kushindilia kokoto, kisha ndipo urekebishe ugunduzi.

Inakuja na kuondoka kwa saa

Andika saa ya kila tukio kwa wiki moja kabla ya kubadilisha kitu. Mara nyingi saa hizo ndizo jibu.

Ikitokea mchana wa jua kali na kupona jioni, chuma kinatanuka. Ulimi wa mita 20 uliofungwa kisiginoni, yaani mwisho wake wa nyuma, joto lake likipanda nyuzi 40, ncha yake husogea takriban milimita 9 kwenda mbele. Rodi zilizorekebishwa alfajiri zinavutwa mshazari. Rekebisha wakati wa joto la wastani, kisha rudi mchana uthibitishe.

Ikitokea baada ya mvua na kukaa saa kadhaa, maji yameingia kwenye kiungo cha kebo au kwenye kisanduku. Ikitokea alfajiri kavu, ni umande ndani ya lenzi au juu ya kontakti.

Ikitokea jua linapochomoza au kuzama, na fundi kila akifika hakuti kitu, mwamini dereva. Jua la chini huingia kwenye lenzi, hupiga kioo cha nyuma ya balbu na kurudi likiwa na rangi ya lenzi. Taa iliyozima inaonekana inawaka kijani. Nenda saa ileile, simama kwenye kimo cha macho ya dereva, utaona. Kofia ndefu juu ya taa husaidia. Taa ya LED isiyo na kioo cha nyuma husaidia zaidi.

Rangi si yake, au haionekani kwa mbali

Kijani kinachoonekana bluu kina sababu ya zamani. Lenzi za kijani za reli zilitengenezwa zikielekea bluu, kwa sababu moto wa mafuta ya taa ni wa manjano. Viwili hivyo vikichanganyika vilitoa kijani safi. Ukiweka LED nyeupe nyuma ya lenzi hiyo, bluu inajitokeza. Badilisha lenzi na taa kwa pamoja, kama kitu kimoja.

Nyeupe pasipotakiwa nyeupe ni lenzi iliyovunjika. Zamani reli nyingi zilitumia nyeupe kwa "njia iko wazi", hadi ilipodhihirika kwamba lenzi nyekundu ikianguka, taa ya kusimama inageuka kuwa taa ya kupita. Ndipo kijani kikachukua kazi hiyo. Hata hivyo maana ya rangi hutofautiana: Ujerumani, taa ya pointi huonyesha umbo jeupe, mstatili uliosimama kwa njia iliyonyooka na mshale kwa njia ya kuchepuka. Fundi aliyehamia reli nyingine asome kitabu cha ishara cha hapo kabla ya kuita kitu hitilafu.

Lenzi za plastiki hugeuka manjano kwa jua na kuvuruga rangi nyingine, hazioshwi zikapona. Na kama taa ni nzuri ukiwa karibu lakini dereva haioni, pima mwelekeo. LED hutoa mwale mwembamba: nguzo ikiinama nyuzi 1 tu, umbali wa mita 500 mwale umekwenda kando karibu mita 9. Mashine ya kushindilia kokoto ikipita, kagua nguzo zote siku hiyohiyo.

Yasiyo hitilafu

Pointi ya mota inaposafiri, kuzima au kumetameta kwa sekunde chache ni kawaida. Pointi ya springi yenye bafa ya mafuta hurudisha ndimi taratibu baada ya gurudumu la mwisho, na taa hungoja. Ikingoja zaidi ya ilivyozoeleka, mafuta ya bafa yamepungua au springi imechoka, na hapo ni hitilafu tena.

Kabla ya kuirudisha kazini

Ondoa waya wa majaribio na uhesabu vipande. Geuza pointi pande zote mbili, mara kadhaa, ukiwa na mwenzako kwenye ndimi na wewe kwenye taa, mkitajiana mnachokiona kwa sauti. Weka kile kipimo ambacho lazima kikataliwe kwenye ulimi mmoja, kisha kwenye mwenzake, na kila mara taa ikatae. Zima umeme na uhakikishe taa haibaki kuonyesha lolote. Halafu panda kwenye injini, au simama pale macho ya dereva yanapofika, na uitazame kutoka umbali wote unaohitajika wa kusimama. Andika kwenye daftari uwazi ulioukuta na uwazi uliouacha, kwa milimita, kwa kila ulimi, kushoto na kulia, pamoja na joto la reli.